Themostati mpya ya friza ina miguu mitatu, fundi kaunga miwili. Waya wa tatu unaenda wapi?

MamaMigebuka, Kigoma

Wakuu habari za humu. Mimi ni mama muuza samaki na barafu, niko Mwanga hapa Kigoma mjini. Mimi nasema, mjukuu wangu ndiye anachapa, kwa hiyo mkikuta "xaxa" badala ya "sasa" mlaumuni yeye.

Nina friza ya kulala, ile ya mfuniko wa juu, nimeinunua mkononi kwa mtu mwaka 2019. Haijawahi kunisumbua. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 niliizima miezi yote mitatu, nikaifuta, nikategesha mfuniko kwa kijiti isije ikavunda. Ziwa lilipofunguliwa nikaiwasha, ikawa na kigugumizi. Inazima vizuri, kuwaka tena mpaka uigonge pale penye kitufe cha kuzungushia. Nilikuwa naigonga kwa mpini wa mwiko, inanguruma, tunaendelea na maisha. Wiki iliyopita mwiko ukashindwa.

Nikaita fundi. Akafungua, akasema themostati imekufa, kile kidude kinachoizima na kuiwasha friza kwa kufuata baridi. Nikampa 20,000 akaenda dukani, akarudi na mpya, chenji sikuiona na sikuuliza. Ile ya zamani ilikuwa na nyaya tatu: wa kahawia, mweusi, na mweupe mwembamba. Akazichomoa zote tatu kwa mkupuo mmoja. Hapo hapo simu yake ikaita. Akaongea weee, aliporudi anaangalia nyaya, anaangalia themostati, anaangalia nyaya. Hakumbuki upi ulikaa wapi. Mwisho akaunga wa kahawia na mweusi, mweupe akauzungushia tepu akasema, "Huu mama hauna kazi." Akala ugali, akaondoka.

Usiku wa kwanza niliona raha. Alfajiri samaki wagumu kama kuni, ukigonganisha wawili wanalia. Ikazima, nikasema sawa, imeshiba. Lakini haikuwaka tena. Nauza, nafunga, nauza, nafunga, mpaka magharibi kimya. Nilipofungua usiku, mifuko ya barafu iliyo ukutani imelala kama mito ya kitanda, migebuka ya pembeni imelegea, na chini kuna maji ya rangi ya damu. Ya katikati tu ndiyo bado ina ugumu. Ilipofika karibu saa tatu usiku, ndiyo inanguruma yenyewe tena! Siku ya pili hivyo hivyo. Nimezungusha kitufe kutoka 3 mpaka 7, hakuna tofauti.

Sasa wenye kujua mwenzenu nipo kwenye giza, maboti yanatoka kila usiku, huu ndio wakati wa kununua na kuweka. Ikija mbalamwezi hakuna anayeingia ziwani, ndipo friza inapolipa. Naomba kujua huo waya mweupe unaingia mguu upi. Mimi naona kama huo ndio wa kuiamsha.

ChumaChaReli

Mama pole. Gesi hiyo imepungua. Mwite fundi ajaze, dakika 30 kwisha kazi.

BarafuGungu

Shikamoo mama. Mimi nauza barafu huku Gungu. Yangu ilileta hayo hayo, nikamwambia fundi aiunge dairekti, wa kahawia na mweusi unavisokota pamoja, themostati tupa kule. Mwaka wa pili huu. Barafu inatoka kama jiwe. LUKU ndiyo inalia kidogo lakini biashara inalipa.

MtotoWaUjiji

Shikamoo mama. Umenikumbusha nyumbani. Nimekulia Ujiji, sasa niko Minnesota, Marekani, mwaka wa sita.

Jambo la themostati nalijua kwa sababu yangu niliibadilisha mwenyewe. Huku nyumba yangu inapashwa moto na pampu ya joto. Ni mashine kama ya AC tu, ila ina vali ya kugeuza njia ya gesi. Wakati wa joto inachota joto la ndani na kulitupa nje, wakati wa baridi inachota joto la nje na kulileta ndani. Ndiyo, hata nje kukiwa kwa baridi lipo joto la kuchota, mimi pia sikuamini. Themostati yake iko ukutani sebuleni. Nilipoifungua nikakuta nyaya na kila mmoja ana herufi yake: R unaleta umeme, Y unaamsha kompresa (mota inayosukuma gesi), G wa feni, O/B wa ile vali ya kugeuza, W wa hita ya msaada kunapokuwa na baridi kali. Na mmoja umekunjwa nyuma ya ukuta, hauna kazi, kama huo mweupe wako mama. Themostati ya zamani ilitumia betri, haikuuhitaji. Mpya ikagoma kuwaka kabisa. Kumbe ule ni C, njia ya kurudishia umeme. Nikauunga ukutani, nikaenda kuuunga na kule kwenye mashine, ikawaka.

Kwa hiyo huo mweupe ni C. Uunge kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme) na mguu uliobaki, utanishukuru.

Nilichokosea mimi ni kimoja. Kwenye mipangilio inauliza O au B, nikabonyeza B kwa kubahatisha. Theluji ya kwanza ya Novemba naomba moto, napulizwa baridi. Mashine nyingi vali inapewa umeme wakati wa kupooza, hiyo ndiyo O. Kuna zinazoipa umeme wakati wa kupasha, hiyo ndiyo B. Nilikuwa nimeigeuza. Mke wangu alivaa koti ndani ya nyumba akanitazama tu, hakusema neno.

BaridiTabora

Mama shikamoo. Mimi ni fundi wa mafriji hapa Tabora mjini, miaka 17 sasa. Kabla ya yote naomba USIUNGE huo waya mweupe popote. Chomoa plagi ukutani, nenda kalete kiti, nisome taratibu.

Nianze na mdogo wangu wa Minnesota. Kaka, ulichosema ni kweli kwa huko, na ungemuunguzia bibi nyumba huku. Nyaya zako hizo za herufi zinabeba volti 24 kutoka transfoma ndogo. Za mama ni 230 zinatoka ukutani moja kwa moja. Ukileta nyutro kwenye mguu wa tatu wa themostati ya friza, siku mguu ule ukikutana na laivu (waya unaoleta umeme) kule ndani, hiyo ni shoti. Bahati ikiwepo fyuzi ya plagi inakatika. Isipokuwepo, kwa sababu hapa kwetu mtu fyuzi ikikatika anaweka kipande cha waya wa shaba, utasikia harufu ya plastiki kwanza.

Halafu tofauti kubwa zaidi. Themostati yako ina kioo na kompyuta ndani, lazima ilishwe umeme, ndiyo maana ilidai C. Ya friza ya mama hailishwi chochote. Ule mkia mrefu mwembamba kama waya wa shaba ni bomba, ndani mna gesi kidogo imefungiwa. Baridi ikiingia gesi inasinyaa, kiputo cha bati ndani kinanywea, springi inavuta, "tik", umeme umekatika. Joto likirudi kinavimba, "tik", umeme umewaka. Basi. Haina betri wala akili, na ukiukata au kuuvunja ule mkia umeua themostati yote.

Wa gesi: ndugu yangu, gesi ikipungua friza haigandishi samaki mpaka walie kama kuni. Ingenguruma usiku kucha isizime, na barafu ingeganda upande mmoja tu. Mama amesema alfajiri samaki wote wagumu na mashine ikazima yenyewe. Gesi ipo. Msimwambie mtu ajaze gesi kwa kusikia tu, kuna mafundi wanaishi kwa sentensi hiyo.

Wa dairekti: nakuelewa, ni biashara. Ila soma kibandiko nyuma ya friza yako. Kama imeandikwa wati 150, ikinguruma saa 24 ni uniti 3.6 kwa siku. Yenye themostati nzima inapumzika, inaweza kula nusu ya hizo. Na kompresa isiyopumzika, siku umeme umeshuka jioni ikiwa ya moto, ndiyo inaungua. Kwa dharura ya siku mbili tatu sikatai. Mwaka wa pili hapana.

Sasa mama. Swali lako ni la waya mweupe, mimi naona tatizo lako siyo waya. Sikiliza ulivyosema mwenyewe: inagandisha vizuri, inazima, halafu haiwaki mpaka vitu vya ukutani vimeyeyuka. Na umezungusha kitufe hakuna tofauti. Hiyo ni tabia ya themostati ya FRIJI, fundi wako kakuwekea kwenye FRIZA.

Friji ya nyumbani inatakiwa iyeyushe barafu yake ya ukutani kila mzunguko, isijenge theluji. Kwa hiyo themostati zake nyingi zimetengenezwa hivi: kuzima inazima ukuta ukiwa umepoa sana chini ya sifuri, lakini kuwaka inasubiri ukuta upande mpaka nyuzi 4 hivi JUU ya sifuri, yaani barafu yote ya ukutani iwe imekwisha. Na pale pa kuwakia pamefungwa kiwandani. Kitufe unachozungusha kinasogeza mahali pa kuzimia tu. Ndiyo maana hata ulipoweka 7, mchana ikasubiri vile vile mpaka maji. Kwenye friji ya maziwa na nyanya hiyo ni sawa kabisa. Kwenye samaki ni kilio.

Ya friza inazima baridi na inawaka tena ikiwa bado baridi, chini ya sifuri, hakuna kitu kinachopata nafasi ya kuyeyuka.

Naomba unisomee kilichoandikwa kwenye mwili wa themostati, herufi na namba. Na ya zamani kama hukuitupa, isome pia.

MamaMigebuka, Kigoma

Marahaba fundi, Mungu akupe maisha. Plagi nimechomoa. Samaki nimehamishia kwa jirani mwenye friza, tumekubaliana atakula wawili kwa siku.

Ya zamani mjukuu aliiokota kwenye ndoo ya taka. Imeandikwa vitu vingi lakini mwanzo ni K54. Mpya inaanza na K59. Sanduku lake lina picha ya friji ya milango miwili! Nilikuwa nayo hapa ndani siku zote nne na picha nikaiona, sikujua kama picha ina maana.

Lakini nataka nione kwa macho yangu kabla sijaenda kugombana na mtu. Kuna namna?

BaridiTabora

Ipo mama, na vifaa unavyo. K59 ni ya friji, K54 ni ya friza yenye mguu wa taa, kwa hiyo mimi nimeshajua. Ila fanya, upate nguvu ya kugombana.

Tafuta mtu mwenye multimeta, ile ya kupimia umeme, iweke kwenye alama ya mlio. Themostati iwe imetolewa kabisa kwenye friza, haina waya wowote. Weka kitufe 1, usikiweke sifuri, sifuri ni kuzima kabisa. Gusisha ncha za multimeta kwenye ile miguu miwili iliyoungwa wa kahawia na mweusi. Kwa joto la Kigoma italia "piiiii". Maana yake ndani imefunga, inaomba kompresa iwake.

Chukua bakuli mbili. Ya kwanza barafu iliyopondwa na chumvi nyingi, kama kikombe kimoja cha chumvi kwa vitatu vya barafu, koroga. Barafu yenye chumvi inashuka chini sana ya sifuri, ukifanya vizuri inakaribia nyuzi 20 chini. Usishike kwa mkono kwa muda mrefu, inaunguza. Ya pili barafu na maji matupu bila chumvi, hiyo ni sifuri kamili, haidanganyi.

Viringisha ncha ya mkia taratibu, usiikunje kwa pembe, iingize kwenye mfuko wa nailoni, tumbukiza kwenye chumvi. Subiri. Utasikia "tik" na mlio utakatika. Sasa hamisha mkia kwenye bakuli la maji ya barafu. Hapo ndipo ukweli ulipo. Kwa themostati ya friza sifuri ni joto kali, italia tena. Ya friji itabaki kimya hata ukae nayo mpaka kesho, kwa sababu inasubiri nyuzi 4.

MamaMigebuka, Kigoma

Nimefanya. Multimeta nimeazima kwa kijana wa kuchaji simu hapa jirani, akaja mwenyewe kuangalia, wakaja na wengine, ikawa kama kuna msiba.

Chumvi si ya kuuliza, sisi tunayo ya Uvinza, hiyo ya mawe mawe. Barafu nimeponda kwa mchi. Ile bakuli ya chumvi nje yake ilifanya ukungu mweupe, halafu ukungu ukageuka theluji, ukiipitisha kidole kinabaki na mstari. Miaka yote nauza barafu sijawahi kuona bakuli la bati linaota theluji juu ya jamvi.

Multimeta inalia piiii mwanzo. Nikatumbukiza mkia. Dakika ya kwanza inalia, ya pili inalia, mjukuu anasema bibi umeharibu. Mara tik, kimya. Watu wakashangilia! Nikahamisha kwenye maji ya barafu. Kimya. Tukanywa chai. Kimya. Nikatoa ule mkia majini nikaufumbata kwenye kiganja, sijamaliza kusema bismillahi, piiiii!

Basi nimeelewa. Siku zile nne ilikuwa inangoja joto la mkono wangu wakati mimi nangoja yenyewe.

Usiku wa jana na juzi nimefanya kama alivyosema wa Gungu, dairekti, kijana wa simu ndiye kaunga plagi ikiwa nje. Naiwasha baada ya Isha, nachomoa adhana ya alfajiri. Mchana siifungui ila mara moja. Samaki wamekaa. Ila siwezi kuwa themostati maisha yangu yote, siku nitapitiwa na usingizi.

Sasa nitafuteje ya kweli, na huo waya mweupe mwisho wake nini? Hujanijibu bado.

BaridiTabora

Hahaha, kweli sijajibu.

Dukani usiombe "themostati". Ukisema hivyo watakupa ya friji kwa sababu ndiyo inayouzika. Nenda na ile K54 ya zamani mkononi, useme "ya friza, yenye miguu mitatu kama hii". Angalia na urefu wa mkia usiwe mfupi kuliko wa zamani. Na kabla hujatoa hela ipime kwenye maji ya barafu, beba chupa yako. Ya friza lazima ilie ndani ya maji ya barafu. Ikinyamaza mrudishie.

Waya mweupe ni wa taa. Kwenye uso wa friza yako kuna taa tatu, au zilikuwepo, kweli? Nyekundu ni ya tahadhari, inawaka friza ikiwa ya moto kupita kiasi. Hiyo ndiyo inayolishwa na mguu wa tatu. Kwa hiyo fundi wako hakudanganya sana, friza inagandisha bila huo mweupe. Alichokosa ni kukwambia.

Kujua upi ni upi, msikisie kwa rangi. Rangi kwenye friza ya mkononi si ya kuamini, huwezi jua nani alishaingia humo. Plagi ikiwa nje ya ukuta, multimeta kwenye mlio, ncha moja kwenye jino la plagi lenye fyuzi, hilo ndilo laivu. Ncha nyingine gusa waya mmoja mmoja. Utakaolia ndio unaoleta umeme. Kisha kule nyuma chini kwenye kompresa, fungua kikofia, kuna rilei na ovalodi (vya kuiwashia na kuilinda kompresa), kijana wako atafute waya upi kati ya miwili iliyobaki unafika pale moja kwa moja. Huo ndio wa kompresa. Unaobaki unaenda kwenye taa. Kwenye themostati yenyewe miguu imeandikwa namba pembeni, 3, 4 na 6. Ile miwili iliyokatika kwa "tik" mlipopima, hiyo ndiyo ya laivu na kompresa. Kwenye hizi K54 taa inakaa 6, lakini mpime ndiyo muunge. Wa kijani na njano ni athi, wa kukukinga umeme ukivuja, ufungwe kwenye bati kwa skrubu, usiachwe unaning'inia, hasa wewe unayesimama kwenye maji ya samaki umevaa kandambili.

Mawili ya mwisho. Kabla ya kuchomoa chochote PIGENI PICHA, simu mnayo. Na mkia wa zamani ulipotoka kwenye kile kijibomba cha ukutani, uwekee tepu palipoishia, mpya uingie hadi hapo hapo. Ukiingia nusu, friza itasoma joto la nje na haitazima.

Na soma kibandiko cha kompresa, kina jina la gesi. Kikiwa R134a hakuna neno. Kikiwa R600a, hiyo gesi inashika moto, mtu asije na kibiriti wala kuchomelea humo ndani.

MtotoWaUjiji

Mama nisamehe sana kwa ushauri wa C. Fundi asante, nimejifunza. Swali langu moja: kwa nini huku kwetu wametumia volti 24 na siyo huko?

BaridiTabora

Yako iko sebuleni, mbali na mashine, watoto wanaigusa, nyaya nyembamba zinapita ukutani. Volti 24 inabonyeza swichi kubwa kule nje, ile swichi ndiyo inabeba umeme mkubwa. Friza themostati iko hatua moja na kompresa, na kompresa yenyewe ndogo, kwa hiyo umeme wote unapita humo humo ndani ya themostati. Ndiyo maana mguu ukilegea unaungua. Mama, kama vishikizo vya nyaya vimelegea, mwambie kijana avibane kwa koleo kabla ya kuvisukuma.

BarafuGungu

Fundi na mimi nimeenda kusoma kibandiko. Wati 180. Nisihesabiwe, nimeshahesabu.

MamaMigebuka, Kigoma

Wakuu nimerudi.

Mwanga maduka matatu, yote K59. Wa tatu nilimtolea chupa ya barafu na multimeta akaniuliza kama natoka serikalini. Nikapanda daladala mpaka Ujiji, kuna mzee ana friza mbovu mbili nyuma ya nyumba, anazitumia kufugia bata. Akaingiza mkono kati ya bata akatoa themostati yenye K54. Nikaipima hapo hapo. Kwenye maji ya barafu inalia, kwenye barafu ya chumvi ililia muda mrefu sana mpaka nikaongeza chumvi, ndiyo ikakata. Nikaihamishia maji ya barafu, haikupita dakika, piiii. Nikampa 12,000 na migebuka miwili.

Kijana wa simu kaunga jana baada ya Adhuhuri kama ulivyosema. Wa kahawia ndio ulikuwa laivu, lakini kule chini unaoingia kwenye kompresa siyo mweusi! Unaoingia ni mweupe, ule mwembamba, na mweusi unaenda kwenye taa. Tukapima mara tatu tukidhani tunakosea. Tukafungua pale chini, tukakuta mtu aliwahi kuunga humo, mweusi na mweupe wamebadilishana katikati, kaviringisha kwa uzi wa kushonea viatu. Uzi tumetoa, tumeunga upya kwa waya mnene hadi kwenye kompresa na kufunika vizuri. Ndiyo maana yule fundi wa kwanza aliunga mweusi wa juu na bado ikanguruma, katikati unageuka mweupe. Kijana anasema labda alichokonoa na huko chini akabadilisha bila kusema. Mimi nilikuwa jikoni nampikia ugali.

Tulipowasha, taa nyekundu ikawaka, na mimi sijaiona tangu mwaka 2019! Ikakaa mpaka saa nne usiku ikazima yenyewe. Usiku mzima nilikuwa nasikiliza. Inanguruma, inanyamaza, inanguruma, inanyamaza. Asubuhi nimefungua, mifuko ya ukutani nimeigonga kwa mwiko ule ule, inalia.

Samaki wamerudi kutoka kwa jirani, pungufu tisa. Tuliongea wawili kwa siku, lakini ana wajukuu.

Yule fundi amepiga simu leo kuuliza kama friza inaendelea vizuri. Nimemwambia inaendelea vizuri sana, aje achukue themostati yake ya friji, na chenji yangu aje nayo.